Moyo wa Maabara na Moyo Unaodunda Masisi: Mambo ya Kujua

Katika maabara za Vienna, Michigan, Auckland na miji kadhaa ya Japani, kuna vipande vya misuli ya moyo wa binadamu vinavyodunda ndani ya visahani vya plastiki. Ukubwa wake ni milimita chache tu. Miaka ya karibuni watafiti wamevikuza baadhi yake pamoja na mishipa ya fahamu, ile inayouamuru moyo uende mbio au upunguze mwendo. Wanataka kuona ugonjwa unavyoanza pale mshipa unapokutana na msuli.

Habari ya namna hii ikifika kwetu Kivu ya Kaskazini, iwe Rubaya, Nyabiondo au Pinga, kwa redio na simu huwa imeshanenepa njiani. Kilichokuwa kipande kimekuwa moyo mzima, na kilichokuwa utafiti kimekuwa dawa. Kwa hiyo tuanze na swali ambalo mgonjwa atauliza kabla ya mengine: je, ninaweza kuwekewa? Hapana. Vipande vyenye mishipa ya fahamu ni vya kuchunguzia tu, na hakuna hospitali popote duniani inayomwekea mtu. Yapo majaribio machache ya kubandika viraka vya misuli iliyokuzwa maabara, visivyo na mishipa hiyo, juu ya moyo uliochoka. Osaka nchini Japani walianza mwaka 2020, na Göttingen nchini Ujerumani nao wanaendelea. Wagonjwa waliofanyiwa hivyo ni wachache na wako chini ya uangalizi mkali. Mtu akikuambia mjini Goma kwamba anauza sindano ya seli shina za kutibu moyo, funga pochi yako.

Hata hivyo utafiti huu unamhusu mtu wa Masisi na Walikale kuliko anavyodhani. Swali ambalo vipande hivi vinaulizwa ni jinsi hofu, mshtuko na dawa vinavyoufikia moyo, na kwa nini moyo mmoja huvumilia wakati mwingine huanguka. Nani ana haki ya kujua jibu kuliko watu ambao kwa miaka thelathini wamekuwa wakilala na viatu miguuni?

Kipande hicho hutengenezwaje

Kazi huanza na damu kidogo au kipande cha ngozi. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli iliyokwisha kukomaa na kuwa ngozi inaweza kurudishwa uchanga wake kwa kuingiziwa jeni nne. Mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel. Seli iliyorudishwa hivyo, ambayo ni aina ya seli shina, inaweza kukuzwa iwe ini, ubongo au moyo, kutegemea kemikali inazopewa na siku inazopewa. Ikielekezwa njia ya moyo, baada ya siku kumi hivi mtafiti anaona kwenye hadubini jambo ambalo hata waliolizoea huacha kazi wakaliangalia: seli zilizokuwa zimetulia zinaanza kujikunja na kujiachia zenyewe, bila kuguswa na umeme kutoka nje.

Mishipa ya fahamu hukuzwa kando kutokana na seli shina zilezile, kisha huwekwa jirani na misuli. Nyuzi zake nyembamba huenea taratibu mpaka ziguse seli za moyo. Ili kujua kama zimeungana kweli, hudondoshewa nikotini, ileile ya tumbaku, kwa sababu nikotini huiamsha mishipa hiyo. Mshipa ukiwa umeungana na msuli, kipande huongeza mwendo. Kama seli zilitoka kwa mtu mwenye ugonjwa wa kurithi wa moyo, ugonjwa wake unaweza kuonekana mle ndani ya kisahani, bila kumhatarisha mwenyewe.

Mapungufu yapo. Seli hizi hubaki changa, zinafanana zaidi na za mtoto aliye tumboni kuliko za mtu wa miaka hamsini. Kipande hakina presha ya damu, hakina vali, hakilali usingizi wala hakibebi mzigo wa mihogo kupanda mlima. Kinajibu maswali machache, lakini hayo machache kinayajibu vizuri.

Chura wawili wa Graz

Kwamba mshipa wa fahamu husema na moyo kwa kemikali tulilijua kabla ya mambo ya seli shina. Mwaka 1921, katika mji wa Graz nchini Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura, mmoja ukiwa na mshipa wake na mwingine umekatwa, yote ikidunda katika maji ya chumvi. Aliamsha mshipa wa moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye wa pili. Ule wa pili, ambao haukuguswa na mshipa wowote, nao ukapunguza mwendo. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia ndotoni. Usiku wa kwanza aliandika mwandiko ambao asubuhi hakuweza kuusoma, na usiku wa pili ndoto iliporudi hakungoja kupambazuke, akaenda maabara saa tisa za usiku. Mwaka 1936 alipata Nobel pamoja na Henry Dale.

Kwa binadamu mambo ni yaleyale. Moyo una kitovu chake cha umeme, na ukiachwa peke yake huenda mapigo 100 hivi kwa dakika. Mshipa uitwao vegasi unauzuia, ndiyo maana ukiwa umepumzika unahesabu 70 au 75. Upande wa pili ipo mishipa ya haraka inayomwaga noradrenalini na kuukimbiza. Fikiria motari anayeshuka kutoka Masisi kwenda Sake: muda wote mguu uko juu ya breki, na hata kabla hajagusa gesi, akiiachia breki kidogo tu, mwendo unaongezeka.

Mtu aliyepandikizwa moyo wa mwingine hana breki hiyo, kwa kuwa mishipa hukatwa wakati wa upasuaji. Upandikizaji wa kwanza ulifanyika Afrika yetu hii, hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, kwa mkono wa Christiaan Barnard. Tangu hapo madaktari wanajua kwamba moyo uliopandikizwa huenda mbio hata mgonjwa akiwa amelala, na akishtuka huchelewa kushtuka naye.

Hofu na moyo

Tarehe 17 Januari 1994 alfajiri, tetemeko la ardhi lilipiga kaunti ya Los Angeles. Juma lililotangulia, watu waliokufa ghafla kwa moyo katika kaunti hiyo walikuwa wastani wa 4.6 kwa siku. Siku ya tetemeko walikuwa 24. Wengi hawakuangukiwa na ukuta wala hawakunyanyua kitu kizito. Wajapani nao, tangu mwaka 1990, wameeleza ugonjwa ambapo mtu, mara nyingi mwanamke aliyevuka umri wa kuzaa, akipata msiba au mshtuko mkubwa, sehemu ya chini ya moyo wake hulegea na kuvimba kwa siku au majuma, kisha mara nyingi hupona. Mishipa ya haraka imemwaga kemikali kupita kiasi. Vipande vya maabara vyenye mishipa vinafaa hasa kuchunguza jambo hili, kwa kuwa huwezi kumtisha mtu makusudi ili uone moyo wake utafanya nini.

Mlio wa risasi hauhitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa Kitchanga, Mweso au Walikale mjini, hasa baada ya mapigano ya miezi ya mwanzo ya 2025. Wengi hulalamika kwamba moyo unapiga mbio hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Wengi wao hawana ugonjwa wa moyo. Lakini wachache wanao, na kazi ya makala haya ni kukusaidia kuwatofautisha kabla ya kutembea siku nzima kwenda hospitali, au kabla ya kukaa nyumbani wakati ulipaswa kwenda.

Jifunze kuhesabu mpigo. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba kupimia kwa sababu lenyewe lina mpigo wake. Washa saa ya simu, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Sikiliza pia mpangilio: mapigo yanafuatana sawasawa, au yanarukaruka bila utaratibu?

Moyo wa hofu hupanda polepole na kushuka polepole. Huja na kijasho, mikono kutetemeka, ganzi kwenye vidole na midomo, na fikra kwamba utakufa sasa hivi. Mapigo huwa ya haraka lakini sawa. Mtu huyohuyo kesho anabeba gunia bila shida. Hapo jaribu hivi: keti, vuta pumzi puani huku ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita au saba, kwa dakika tano. Acha vidole kwenye mpigo. Hasa ukiwa kijana utausikia ukipunguza mwendo kila unapotoa pumzi, maana hapo vegasi ndiyo inayofanya kazi. Kama hali hii inarudi mara kwa mara na kukunyima usingizi, ushauri wa kisaikolojia ni matibabu kamili na si jambo la kuonea haya. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, ambao wamekuwa wakisaidia hospitali kuu ya rufaa ya Masisi tangu 2007, wamekuwa na huduma hiyo pamoja na zile za majeraha na uzazi. Ulizia.

Sasa upande wa pili. Usingoje ikiwa unakosa pumzi ukilala chali na unalazimika kulala umeketi, ikiwa miguu yote miwili inavimba, ikiwa mpigo unarukaruka, au ukiwa umetulia kabisa na bado unahesabu zaidi ya 120. Moyo unaoanza kukimbia ghafla na kuacha ghafla, kama umewashwa na kuzimwa, nao uchunguzwe. Na kuna jambo ambalo vijijini huchanganywa na kifafa, au jirani hulaumiwa kwa ajili yake: kijana anayeanguka na kuzimia akiwa anakimbia, anaogelea, au anaposikia mlio wa ghafla. Yapo magonjwa ya kurithi ya umeme wa moyo yanayofanya hivyo. Aina moja huamshwa na mazoezi, hasa kuogelea. Nyingine huamshwa na sauti ya kushtua, hata kengele ya simu. Kama katika ukoo kuna kijana mwingine aliyekufa ghafla akiwa mzima, mwambie muuguzi hilo kabla ya kitu kingine chochote, na uombe kipimo cha umeme wa moyo.

Magome ya kinkina

Sehemu kubwa ya kazi ya misuli ya maabara si magonjwa bali dawa. Kabla dawa mpya haijapewa watu, hujaribiwa kwenye seli hizi kuona kama inavuruga umeme wa moyo. Kuna sababu. Halofantrini, dawa ya malaria iliyotumika sana Afrika miaka ya 1990, iligunduliwa kwamba inarefusha mzunguko wa umeme wa moyo, na baadhi ya watu walikufa.

Kwinini ni ndugu wa habari hiyo, na Kivu inaijua kwinini kuliko sehemu nyingi za dunia. Mjini Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimeitengeneza kutokana na magome ya kinkina yanayolimwa katika milima yetu. Kwamba magome hayo yanagusa moyo lilijulikana kwa mgonjwa mmoja mjanja. Mwaka 1912 mfanyabiashara wa Kiholanzi alimwendea daktari Karel Wenckebach, mpigo wake ukirukaruka, akamwambia kwamba yeye huurudisha kwa gramu moja ya kwinini. Daktari hakuamini. Kesho yake mgonjwa alirudi mpigo ukiwa umenyooka. Miaka sita baadaye Walter Frey wa Berlin alionyesha kwamba kwinidini, inayotoka katika gome lilelile, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kitu chenye uwezo wa kunyoosha mpigo kina uwezo wa kuupinda. Kwinini ya mshipani haisukumwi kwa sindano moja kwa moja, hata kama mgonjwa ana haraka na muuguzi ana foleni. Huchanganywa katika seromu na kudondoshwa kwa saa nne hivi. Ikisukumwa, presha inaweza kuporomoka na moyo kusimama. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri atesuneti ya sindano kuwa chaguo la kwanza kwa malaria kali, kwa watoto na watu wazima. Muulize mhudumu kama ipo. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kuzimia bila sababu, aseme hivyo kabla ya kupewa kwinini, na pia kabla ya eritromaisini.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kama ningekuwa na pesa za kutumia kwa ugonjwa mmoja tu wa moyo Kivu ya Kaskazini, ningezitumia hapa.

Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anaumwa koo, anjini ya kawaida. Siku chache inapita. Baada ya majuma mawili au matatu goti linavimba na kuuma, mtoto hataki liguswe. Kesho kutwa goti limepoa na sasa ni kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Homa ipo. Wengine hupata hali ya mikono na uso kuchezacheza bila hiari, mpaka mwalimu anamwadhibu kwa kuandika vibaya. Hii ni homa ya rumatiki. Mwili ulikuwa ukipigana na bakteria wa kooni, lakini silaha zake zinashambulia pia viungo na vali za moyo. Viungo hupona. Vali zinabaki na makovu, na kila anjini mpya inaongeza kovu juu ya kovu.

Duniani watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na karibu 360,000 hufa kila mwaka. Uchunguzi wa watoto wa shule Kinshasa uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta takriban 14 wenye ugonjwa huu kati ya kila 1,000. Unapenda msongamano. Chumba kimoja wanacholala watoto saba, kambi ya wakimbizi wa ndani ambako hema linashikana na hema, darasa lililohifadhi familia tatu: hayo ndiyo makazi yake.

Dawa yake ni ya zamani na bei yake ni nafuu. Anjini ya mtoto yenye homa na usaha kooni, bila mafua wala kikohozi, itibiwe kituo cha afya kwa penisilini au amoksisilini, na dozi imalizwe. Mtoto ambaye tayari amepata homa ya rumatiki anahitaji sindano ya benzathini penisilini kila majuma matatu au manne, kwa miaka kumi au zaidi. Ushahidi umetoka jirani kabisa. Kaskazini mwa Uganda, eneo la Gulu, watafiti walichukua watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao ekografi ilionyesha vali zao zimeanza kuguswa lakini wenyewe hawakuhisi chochote. Nusu walichomwa sindano kila majuma manne, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa, na kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Sindano hii inauma, na maumivu ndiyo huwafanya wengi waache. Kuna njia za kuyapunguza: kuipasha chupa joto mkononi, kuisukuma polepole, na mhudumu anaweza kuchanganya na lidokaini. Kuna pia woga wa vifo. Wapo waliokufa dakika chache baada ya sindano na watu wakasema ni mzio. Mzio upo, ila ni nadra. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa angalizo kwamba katika vifo vingi vya namna hii kinachoonekana kutokea ni kitu kingine: maumivu na woga vinaamsha vegasi kupita kiasi, mpigo na presha vinashuka ghafla, na moyo ambao vali zake zimeharibika sana hauwezi kuvumilia mteremko huo. Turudi kwa Loewi na chura wake. Ni breki ileile.

Kutokana na hilo yafuatayo yana maana kubwa. Usimpeleke mtoto kuchomwa akiwa na njaa au kiu. Achomwe akiwa amelala, si amesimama, na aendelee kulala robo saa. Apewe parasetamoli nusu saa kabla. Na mgonjwa ambaye amefikia hatua mbaya, anayekosa pumzi kwa kutembea hatua chache au aliyevimba miguu, daktari afikirie kumpa vidonge vya penisilini kila siku badala ya sindano. Muuguzi wa kituo cha afya huko Itebero au Katoyi anaweza kuwa hajaliona angalizo hilo. Hakuna ubaya kumkatia ukurasa huu ukampelekea, kwa heshima yake.

Mama mjamzito

Vali iliyoharibika hukaa kimya miaka mingi mpaka msichana apate mimba. Damu mwilini inaongezeka, moyo unalazimika kwenda mbio zaidi, na mlango uliokuwa mwembamba unashindwa. Kuna pia ugonjwa mwingine, wa misuli ya moyo kulegea kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na mwezi wa tano baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwa na tatizo lolote. Huchelewa kugunduliwa kwa sababu kuchoka na kuvimba miguu hudhaniwa ndiyo uzazi wenyewe. Kinachotofautisha ni pumzi. Mama anayeamka usiku kutafuta hewa, anayekohoa akilala chali, asipewe ushauri wa kunywa uji na kupumzika. Aende hospitali kuu ya rufaa, iwe Masisi, Mweso, Kirotshe, Pinga au Walikale, kulingana na njia iliyo wazi. Akipona, azungumze na daktari kabla ya mimba nyingine. Na mama anayetumia kaptopril au enalapril kwa moyo au presha aseme mara akijua ana mimba, maana zinamdhuru mtoto.

Presha, wanayoiita tansio Goma nzima, nitaipitia haraka kwa kuwa imesemwa sana: haina dalili, hupimwa tu. Kuanzia 140 kwa 90, siku mbili tofauti, ni ya kutibiwa. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mzima, na hapo hesabu makayabu, vidonge vya Maggi na jibini. Jibini la Masisi ni zuri, nami nalipenda, lakini limejaa chumvi.

Ukiombwa damu kwa utafiti

Seli shina nyingi zilizoko maabara za dunia zimetoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Hilo lina athari. Kwa mfano, mabadiliko fulani ya jeni iitwayo SCN5A yanapatikana kwa takriban asilimia 13 ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, na huongeza uwezekano wa baadhi ya dawa kuvuruga mpigo. Kwa Wazungu ni nadra mno. Dawa iliyojaribiwa kwa seli za Wazungu pekee inaweza kulipita hilo bila kuliona. Kwa hiyo ni vizuri Mwafrika awemo. Lakini awemo akijua. Ukiombwa damu au ngozi, uliza nani anafanya utafiti, kamati gani ya maadili imeuidhinisha, seli zako zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, kama unaweza kujitoa, na kama utaambiwa kikionekana kitu kinachokuhusu. Utafiti wa kweli haumtozi mtu pesa, na kukataa kwako hakukupunguzii matibabu.

Ukilazimika kukimbia

Mgonjwa wa moyo katika maeneo haya anapaswa kuwa na mfuko uliofungwa tayari. Ndani yake fishi ya hospitali, na picha ya fishi hiyo kwenye simu yako na ya ndugu mwingine. Majina ya dawa na vipimo vyake yameandikwa kwa kalamu. Dawa za majuma mawili kama zinapatikana. Propranolol, ambayo huzuia ujumbe wa mishipa ya haraka usiufikie moyo, haikatwi ghafla, kwani mpigo na presha vinaweza kuruka juu kuliko vilivyokuwa mwanzo. Ukiona zinakwisha, tafuta mhudumu akupunguzie kidogo kidogo. Aliyewekewa vali ya chuma asikae bila dawa yake ya kuzuia damu kuganda. Anayetumia furosemide aangalie miguu yake kila asubuhi, na kama hana mizani, mshipi au kamba ya kiuno itamwonyesha: ikikaza ndani ya siku mbili tatu, maji yanarudi.

Wa sindano ya penisilini, tarehe ikimkuta porini au njiani, asingoje mwezi ufuatao ili kalenda ikae sawa. Achomwe siku atakayofika kituo cha kwanza cha afya chenye dawa, hata kama ni kambini na hawamjui, na majuma yake matatu au manne yahesabiwe upya kuanzia hapo.